Kabare kwa asiyeijua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu watu, uchumi na maisha ya kila siku

Aliyewahi kufika Bukavu, mji mkuu wa jimbo la Kivu Kusini mashariki mwa Kongo, kwa ndege amekwisha kukanyaga Kabare, hata kama hajui: uwanja wa Kavumu uko huko, kilomita 30 hivi kaskazini mwa mji. Anayekuja kwa barabara ya Goma ameipita pia. Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi wanaokuja kusoma Bukavu, na wafanyabiashara, na zaidi na watoto wa Bushi, yaani nchi ya kabila la Bashi, waliozaliwa ng'ambo wanaotaka kujua kijiji cha babu zao. Majibu ya ardhi ni marefu kuliko mengine. Huku ndoa, deni na safari ya kijana kwenda machimboni, vyote huanzia shambani.

Kabare ni mji, kijiji au ufalme?

Inategemea unamuuliza nani. Kwa serikali, Kabare ni teritware, yaani wilaya, moja kati ya 8 za jimbo la Kivu Kusini. Makao yake ni Cirunga, na ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 2,000. Kwa mila, ni himaya ya Mwami Kabare, mmoja wa wafalme wa Bashi. Ndani ya teritware kuna sheferi (maeneo ya kichifu) mbili: Kabare yenyewe, yenye grupema (vikundi vya vijiji) 14, na Nindja, iliyojificha magharibi huko milimani. Majina unayoyasikia vituoni, kama Miti, Mudaka, Luhihi, Ishungu, Mumosho na Irhambi-Katana, ni ya grupema.

Watu wa Ngweshe, upande wa Walungu, ni Bashi vilevile, lakini wana Mwami wao. Usiwachanganye mbele yao.

Wanaishi watu wangapi?

Kongo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984, nchi ikiitwa Zaire, na nchi nzima ilikuwa na watu karibu milioni 30. Kila namba utakayopewa leo kuhusu Kabare ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio mengine. Kanda za afya zina namba zao, kwa sababu zinapanga chanjo na vyandarua. Sheferi nayo ina zake, maana inatoza kodi. Ofisi mbili zilizo jirani zinaweza kukupa takwimu mbili tofauti, zote na muhuri, na hakuna anayeona aibu.

Kinachoonekana kwa macho hakina ubishi. Kutoka Mudaka mpaka Katana huwezi kusimama mahali usione nyumba. Kilima kimelimwa mpaka kileleni, na migomba imefika kwenye ukingo wa lami. Wageni wanaotoka Shabunda au Maniema, wenye misitu isiyo na mwisho, hushangaa kwamba hapa mtu anaweza kumsalimia jirani bila kutoka kitandani.

Kwa nini watu wamebanana hivyo, na Kongo ni kubwa?

Sababu ya kwanza ni neema. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, nchi ina baridi ya kupendeza, mvua ni za kutosha, udongo ulikuwa mzuri. Watu walijaa hapa tangu zamani.

Sababu nyingine zilitengenezwa na binadamu. Wakoloni walichukua vilima vizuri wakapanda kahawa, chai na miti ya kwinini. Mwaka 1970 ikaja hifadhi ya Kahuzi-Biega, na mwaka 1975 ikapanuliwa mara kumi mpaka ikafikia hekta 600,000. Ushoroba unaounganisha sehemu ya milimani na ile ya chini unapita Nindja, juu ya mashamba ambayo watu walikuwa wakiyalima. Mwaka 1994 makambi ya wakimbizi kutoka Rwanda yaliwekwa Kashusha na kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, kando ya barabara, na miti mingi ya eneo hilo iliishia jikoni. Baadaye vita vilisukuma watu wa mbali wasogee karibu na Bukavu.

Kisha kuna hesabu ya kila familia. Baba mwenye shamba moja anapata wana wanne. Anakata vipande vinne. Kila mwana naye anapata wake. Baada ya vizazi vitatu kuna watu wanaolima eneo ambalo mbuzi akifungwa katikati kwa kamba ndefu anafika mipaka yote.

Ardhi ni ya nani: Mwami, serikali au mkulima?

Hili ndilo swali lenye kesi nyingi kuliko yote.

Kimila, ardhi ilikuwa chini ya Mwami, na alikuwa akiigawa kupitia watu wake. Mtu aliyetaka shamba la kudumu alitoa kalinzi, kwa kawaida ng'ombe, na shamba hilo likawa lake na la watoto wake, mradi aendelee kumtambua aliyempa. Kalinzi ilifunga watu pamoja: ulipata udongo, ukapata na mkubwa wa kukutetea. Asiye na ng'ombe alikuwa na njia nyingine, bwasa, yaani kukodi kwa msimu. Unalipa kwa mavuno au kwa siku za kazi, unapanda maharagi au viazi vitamu, ukivuna unarudisha. Kwenye shamba la bwasa huruhusiwi kupanda mgomba wala kahawa, kwa sababu mmea wa miaka mingi ni kama kudai kwamba hutaondoka. Wanawake wengi, ambao kimila hawakupewa kalinzi, wamelisha watoto kwa bwasa maisha yao yote.

Tarehe 20 Julai 1973 ilikuja sheria ya ardhi iliyosema udongo wote ni mali ya Dola, yaani serikali. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo mashamba makubwa ya wageni yakagawiwa wakubwa wa Zaire. Tangu hapo mwenye kujua njia za ofisi mjini aliweza kupata hati juu ya kilima ambacho wakulima walishakitolea kalinzi. Mkulima ana mashahidi na mti wa mpaka. Mwenzake ana karatasi. Mbele ya mahakama karatasi ina nguvu zaidi, na mti unaweza kukatwa usiku.

Ninavyoona mimi, hapa ndipo penye kiini cha umaskini wa Kabare. Mtu anayelima kwa bwasa hatapanda miti wala kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko, kwa sababu mwakani shamba linaweza kupewa mwingine. Miradi mingi imekuja kufundisha wakulima jinsi ya kutunza udongo. Somo wanalijua. Wanachokosa ni uhakika.

Wanalima nini?

Ndizi, mihogo, maharagi, viazi vitamu, mahindi, mtama, na viazi vya mviringo kule juu kwenye baridi. Mwaka una misimu miwili mikubwa: wa kwanza huanza Septemba, mvua zinaporudi, wa pili huanza Februari. Juni mpaka Agosti, kiangazi kikikauka, wenye bahati hushuka kulima kwenye mabonde yenye unyevu, ambako mboga hukua hata bila mvua. Ndiyo maana kipande cha bonde kina bei kuliko kilima.

Mgomba ulikuwa benki ya Mshi, yaani mtu wa Bashi. Ulitoa chakula, ulitoa kasiksi, pombe ya ndizi, ya kunywa na kuuza, majani ya kufunika, na mbolea. Miaka ya 2000 mnyauko wa bakteria ulianza kuenea Kivu: jani linakuwa njano, tunda linaiva kabla ya wakati, ukilikata ndani lina madoa ya rangi ya kutu. Familia nyingi zilikata shamba zima. Mihogo nayo ilipigwa na ugonjwa wa batobato, ikabidi kutafuta mbegu zinazovumilia.

Kahawa iko upande wa ziwa, chai upande wa Miti na ukingo wa msitu. Miti ya kwinini inalisha kiwanda cha Bukavu, na gome lake huuzwa kwa kilo. Kando ya ziwa, Ishungu na Luhihi, kuna sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Anavuliwa usiku kwa taa, na asubuhi anakuwa tayari kwenye beseni za akina mama.

Na ng'ombe? Bashi wanasifiwa kwa ng'ombe.

Sifa ni ya kweli, ng'ombe ndio wamepungua. Vita na wizi viliwamaliza, malisho yakageuka mashamba. Bado mahari inahesabiwa kwa ng'ombe hata pale inapolipwa kwa dola, na bado mashanza, jibini yetu nyeupe, ni zawadi ambayo mtu wa mjini anaipokea kwa mikono miwili.

Mfugo wa leo ni mdogo: mbuzi, nguruwe, kuku, sungura, na hasa kobaye, mnyama mdogo wa jamii ya panya (guinea pig). Wageni hucheka wakimwona kobaye akikimbia jikoni. Wacheke tu. Hahitaji shamba, anakula maganda na majani, akifukuzwa na vita anabebwa kwenye kikapu, na mtoto wa shule anaweza kuuza wawili akanunua daftari.

Kama shamba halitoshi, pesa zinatoka wapi?

Kutoka Bukavu. Mji unakula kila siku na haulimi. Alfajiri utawaona wanawake wakitembea kuelekea masoko ya Kadutu na Nyawera, mzigo mgongoni umeshikwa na kamba inayopita kwenye paji la uso. Sombe (majani ya mihogo), ndizi, viazi vitamu, kuni, makala (makaa). Wengine hununua Mudaka au Kavumu asubuhi na kuuza mjini mchana, faida ikiwa ni kipimo kimoja cha unga. Kwenye soko unga na maharagi hupimwa kwa kopo la Guigoz, lile la maziwa ya watoto, na kila muuzaji ana namna yake ya kuweka kilele juu ya kopo. Jifunze kuangalia kilele kabla ya kuuliza bei.

Wanaume wanafyatua matofali, wanajenga mjini, wanaendesha moto (pikipiki), wanapasua mbao. Vijana wengi wanaondoka: Kamituga kwa dhahabu, Shabunda, Nzibira kwa madini meusi. Wachache hurudi na mabati. Wengi hurudi na deni la mwenye shimo.

Kila mzigo unaoshuka mjini hukutana na vizuizi njiani: kodi ya soko, kodi ya barabara, kodi ambayo haina jina. Muulize mama yeyote wa Mudaka, atakuambia kwamba mvua inaweza kukosekana lakini mtoza kodi hakosi.

Ni kweli kuna mlima wa dhahabu?

Swali hili lilizaliwa na video. Mwanzoni mwa Machi 2021 picha za watu wakichimba kilima huko Luhihi kwa majembe, masufuria na hata mikono zilizunguka dunia. Waziri wa madini wa jimbo akatoa amri ya kusimamisha uchimbaji, akisema wachimbaji na wanunuzi lazima kwanza watambuliwe. Dhahabu ilikuwepo kweli. Zile hadithi za mtandaoni kwamba udongo wote ni dhahabu hazistahili jibu. Luhihi ilibaki na mashimo, bei ya chakula iliyopanda, na mabishano juu ya mwenye kilima, kwa hiyo tunarudi kwenye swali la ardhi.

Watu wanaweka akiba wapi bila benki?

Kuna likelemba, ambapo kila mmoja anachanga na mmoja anakula kwa zamu. Kuna pia MUSO, chama cha kusaidiana kilichoota mizizi sana huku. MUSO ina sanduku tatu. La kijani ni la mikopo ya wanachama. Jekundu ni la msaada, mtu akifiwa au akilazwa hospitali, na halirudishwi. La bluu hupokea fedha zinazotoka nje ya chama. Wanakutana siku maalumu, vitabu vinasomwa kwa sauti, asiyejua kusoma anakumbuka kwa kichwa na mara nyingi anakumbuka kuliko kitabu.

Simu imeingia pia: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Tangu Februari 2025, benki za Bukavu zilipofunga milango, simu ndiyo iliyobeba mishahara na msaada wa ndugu, na makato ya wanaotoa pesa mkononi yakapanda.

Nibebe dola au franka?

Zote. Nyumba, ng'ombe na ada hutajwa kwa dola. Soko la kijiji linakwenda kwa franka. Dola iliyochanika hata kidogo, au ya zamani, itakataliwa hata na mtu mwenye njaa.

Wanakula nini kwa kawaida?

Bugali wa mihogo, au wa mihogo na mahindi, pamoja na sombe, lengalenga (mchicha), maharagi au sambaza. Nyama ni ya sikukuu. Wengi hula mara moja kwa siku, jioni. Mchana ni kiazi kitamu cha kuchoma au ndizi mbili. Jambo linaloumiza ni kwamba katika nchi hii ya kijani watoto wanapata utapiamlo: hospitali ya watoto ya Lwiro imeutibu kwa miaka mingi. Maziwa yanateremka mjini kuuzwa, mayai yanateremka mjini kuuzwa, mtoto anabaki na mihogo.

Lugha gani inatumika?

Mashi nyumbani na sokoni, Kiswahili na wageni na njiani, Kifaransa darasani na ofisini. Kandokando ya ziwa utasikia Kihavu pia. Kiswahili chako cha Dar es Salaam kitaeleweka, ila utaulizwa kama wewe ni padri.

Umeme na maji?

Mabwawa ya mto Ruzizi yako hapahapa. Ruzizi ya pili, iliyoanza 1989 na inayogawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi, iko Mumosho, ndani ya Kabare. Lakini nyaya hupita juu ya vijiji vingi bila kushuka. Watu wanatumia paneli ndogo za jua, taa za betri na kuchaji simu kwa malipo kwenye kibanda cha center, penye maduka. Maji ni ya chemchemi zilizojengewa. Foleni ni ya watoto na wasichana.

Shule na hospitali zikoje?

Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019. Madarasa yalijaa mwaka huohuo, watoto wakakaa chini, na walimu wengi ambao hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara waliendelea kufundisha wakisubiri. Sekondari bado inalipwa, na hapo ndipo wasichana wengi hukatishwa.

Hospitali kongwe ni ile ya FOMULAC, Katana, iliyoanzishwa na chuo kikuu cha Louvain wakati wa Wabelgiji. Kesi nzito hupelekwa Bukavu. Mgonjwa akipona bila kulipa anaweza kubaki hospitalini mpaka familia iuze kitu, na kitu hicho mara nyingi ni kipande cha shamba.

Kuna ugomvi gani kuhusu hifadhi?

Kahuzi-Biega inalinda sokwe wakubwa (gorila) wa tambarare ya mashariki na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1980. Mwaka 1997 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Watalii wengi walizoea kuanzia Tshivanga.

Walioishi msitu huo kabla ya hifadhi ni Batwa. Miaka ya 1970 waliondolewa bila fidia, wakawa vibarua kwenye mashamba ya wengine, kandokando ya msitu wao. Oktoba 2018 baadhi yao walirudi ndani. Yakafuata mapambano na walinzi, watu walikufa pande zote mbili, na miti mingi ikageuzwa makala kwa ajili ya majiko ya Bukavu, biashara ambayo wenye silaha na wafanyabiashara walinufaika nayo kuliko Batwa. Mwaka 2022 nchi ilipitisha sheria ya kuwalinda watu wa asili Mbilikimo. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliwekwa hadharani: Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Sisi wa Bukavu tunaopika kwa makala tukumbuke kwamba jiko letu limo kwenye kesi hiyo.

Usalama ukoje?

Februari 2025 M23, kundi la waasi, ilichukua Kavumu na uwanja wake wa ndege, muda mfupi baadaye ikauchukua mji wa Bukavu. Mapigano kati yake na Wazalendo, wanamgambo walio upande wa serikali, yamefika kwenye vilima vya Kabare zaidi ya mara moja. Hali inabadilika kwa wiki na kwa kilima, kwa hiyo ukurasa kama huu haufai kukuongoza. Piga simu kwa mtu aliye kijijini kwenyewe, asubuhi ya siku unayotaka kusafiri, na uulize kama watu wamekwenda sokoni. Soko likiwa tupu, usiende.

Nikitembelea familia, nifanye nini?

Usiende mikono mitupu: sukari, chumvi, sabuni, mafuta. Salimia mzee kwanza, hata kama rafiki yako ni kijana wake. Ukipewa kasiksi na hunywi, onja tu au gusa kibuyu kisha mpe jirani. Kukataa kabisa kunasomeka vibaya. Jumamosi asubuhi kuna salongo, kazi ya pamoja ya barabara na mifereji. Ukikutwa njiani utapewa jembe au utatozwa.

Nataka kununua shamba Kabare. Nianzie wapi?

Anza kwa kutembea, si kwa ofisi. Kaa na majirani wa pande zote nne wa shamba, uliza nani analima sasa hivi na kwa makubaliano gani, kalinzi au bwasa. Uliza kama muuzaji ana ndugu walio machimboni au ng'ambo, na uongee nao kabla ya kutoa pesa, maana ndugu asiyeulizwa hurudi baada ya miaka kumi na mashahidi. Halafu chifu wa kijiji, halafu sheferi, halafu ofisi ya ardhi, na kila hatua iandikwe na kusainiwa mbele ya watu wa pale. Mke wa muuzaji asaini pia. Ukiambiwa kwamba bei itapungua mkimaliza haraka kabla ya wengine kujua, nunua ndizi zako Mudaka urudi nyumbani.